Bujora: Ngoma za Njia ya Kaskazini

Vitabu vya shule vinatuambia kwamba njia ya misafara ilianza Bagamoyo, ikakata Ugogo, ikafika Tabora, ikamalizikia Ujiji. Si uongo, ila ni nusu ya habari. Tabora, ambayo wageni wa zamani waliiita Kazeh, ilikuwa njia panda. Tawi moja lilishika magharibi hadi Ziwa Tanganyika. Tawi jingine lilipanda kaskazini, likapita vijiji vya Wanyamwezi, likaingia Usukuma na kuishia ufukweni mwa Nyanza. Kwa tawi hilo Mwingereza John Hanning Speke aliondoka Kazeh tarehe 9 Julai 1858, akimwacha nyuma mwenzake Richard Burton, na tarehe 3 Agosti akaliona ziwa mahali palipo Mwanza ya leo. Miaka 20 baadaye, mwaka 1878, walifika Tabora wamisionari wa kwanza wa shirika la Mapadre Weupe. Msafara wao ukagawanyika hapo hapo mjini: wengine wakaenda Ujiji, wengine, wakiongozwa na Padre Léon Livinhac, wakapanda kaskazini, na mwishoni mwa mwaka huo wakafika Kageye, bandari ya misafara iliyo katika wilaya ya Magu ya sasa.

Katika wilaya hiyo hiyo ya Magu, eneo la Kisesa, kilomita zipatazo 20 kutoka Mwanza kwa barabara ya Musoma, ndiko iliko Bujora. Hapo pana parokia, pana makumbusho, na pana uwanja wa ngoma. Watalii wanaletwa kuona nyoka. Wasukuma wanakuja kushindana. Kwa nini basi mtu wa Tabora aiandikie historia taasisi ya Magu? Kwa sababu vitu vilivyomo ndani yake, kuanzia ngoma, viti, majembe na njuga hadi vyama vya wachezaji wenyewe, ni mali ya ile njia. Msukuma na Mnyamwezi ni ndugu wanaosikilizana bila mkalimani. Walitembea pamoja, walibeba pamoja, na walicheza pamoja. Bujora imeweka kumbukumbu ambayo Tabora, mji mama wa njia yote, haijaijengea nyumba.

Tuanze na mzigo. Mpagazi wa karne ya 19 alibeba kilo 30 na zaidi begani, miezi miwili au mitatu, kutoka Unyanyembe, utemi ulioizunguka Tabora, hadi pwani. Aliyetangulia mbele aliitwa kirangozi. Burton, aliyepita mwaka 1857, aliwaeleza watu hawa kwa kirefu: manyoya kichwani, kitambaa chekundu, na pembe ya tandala iliyoitwa barghumi ikipulizwa kila msafara ulipokaribia kijiji. Miguuni njuga. Nyuma yake watu mia, mia mbili, wakati mwingine elfu, wakipokezana wimbo. Kuimba huko kulikuwa sehemu ya kazi yenyewe. Mguu ulifuata sauti, na aliyechoka alivutwa na kiitikio. Usiku, mizigo ikishushwa, ngoma zilipigwa kambini hadi wazee wapige kelele watu walale. Kwa kijana wa Kinyamwezi, kwenda pwani na kurudi kulikuwa ndiyo kupevuka; ambaye hajafika pwani aliweza kusubiri sana kabla hajapewa mke. Utani wetu na Wazaramo na watu wengine wa njiani, ule wa misibani na maofisini, ulizaliwa huko.

Msafara haukubeba pembe peke yake. Kutoka pwani zilikuja shanga, nguo, waya wa shaba na kauri, na pia visahani vilivyokatwa katika makombe makubwa ya konokono wa baharini, ambavyo watemi wa magharibi walivivaa kama alama ya mamlaka. Hebu fikiria: mtemi aliyekaa maili mia tano kutoka baharini, ambaye huenda hakuiona bahari hata siku moja, utawala wake ulithibitishwa na kombe la bahari. Kutoka bara yalishuka majembe ya wahunzi wa Kirongo, waliofua chuma kusini mwa ziwa. Majembe hayo yalifika soko la Tabora kwa maelfu, na yalitumika kama fedha, hasa katika mahari. Leo mhunzi wa Kirongo ana nyumba yake Bujora, imejengwa pamoja na mivukuto na nyundo zake, jirani na nyumba ya mganga.

Pembe za ndovu nazo zilikuwa na watu wake. Wawindaji wa tembo waliitwa Bayege. Hawakuwa genge la mitaani, walikuwa chama chenye unyago, dawa, viapo na nyimbo. Mtu aliyemkabili tembo kwa mkuki alihitaji zaidi ya ujasiri, na chama ndicho kilichompa hayo mengine. Kulikuwa pia na Bayeye, mafundi wa nyoka, wenye elimu ya sumu na dawa zake, na Banunguli, wawindaji wa nungunungu, ambao waliingia mashimoni kwa tumbo kumfuata mnyama gizani. Vyama hivi vilienea Unyamwezi na Usukuma bila kujali mpaka wa utemi. Mwanachama akihama, alikuta ndugu alikohamia. Tembo walipokwisha, Bayege waliendelea kuimba. Mtafiti wa Marekani Frank Gunderson, aliyekaa Usukuma miaka ya 1990 na kutoa mwaka 2010 kitabu kikubwa cha nyimbo za kazi za Wasukuma, alikuta nyimbo za tembo zikiimbwa na watu ambao maisha yao yote ni jembe na pamba. Wimbo wa uwindaji ulikuwa umehamia shambani, na wimbo wa upagazi vilevile.

Kabla Bujora haijawa jengo, taasisi ilikuwepo tayari. Katikati ya karne ya 19, simulizi zinasema, waliishi waganga wawili mahodari, Ngika na Gumha, waliobishana nani ana dawa kali zaidi ya kuvuta watu. Ubishi hauamuliwi kwa maneno. Waliamua kuushindania uwanjani, kila mmoja na wachezaji wake. Wafuasi wa Ngika wakawa Bagika, wa Gumha wakawa Bagalu, na tangu hapo kila mchezangoma wa Usukuma, na wengi wa Unyamwezi, ana upande. Watoto hurithi upande wa wazazi wao, au huuasi.

Kanuni ya shindano ni ya ajabu kwa uwazi wake, na sijui nyingine inayoishinda. Mavuno yakishaingia ghalani na ardhi ikikauka, vikundi viwili husimama katika uwanja mmoja, kila kimoja upande wake, na huanza kucheza kwa wakati mmoja. Hakuna jopo la waamuzi wala alama za karatasi. Watazamaji wako huru kutembea. Ngoma ya upande huu ikipoa, watu wanahamia ule. Ule ukilegea, wanarudi. Mwisho wa siku, aliyezungukwa na watu wengi ndiye mshindi. Wanaosimamia mashindano ya siku hizi, yenye majaji wa mezani na malalamiko yasiyoisha, wangejifunza kitu hapo.

Kwa kanuni kama hiyo, kila kikundi kililazimika kubuni. Ndiyo maana ngoma za Kisukuma zimejaa vitimbi: chatu anayezungushwa shingoni, sanamu za mti zenye mikono inayochezeshwa, majembe yanayorushwa juu na kudakwa kwa mpigo mmoja. Sanamu hizo, ambazo wakusanyaji wa Ulaya na Marekani sasa wanaziweka katika kabati za vioo, zilichongwa ziwashangaze watu kwa dakika chache, zivunjike, zichongwe nyingine. Uzuri wake ulikuwa katika kutembea kwake. Bugobogobo, ngoma ya majembe ambayo Watanzania wengi wanaifahamu kwa sababu ilipandishwa jukwaani na kikundi cha taifa, ni ya kazi kabisa: mstari wa vijana wanaolima shamba la mtu kwa mlio wa ngoma, na mwenye shamba anawalisha. Kwa upande mwingine kuna wigashe, inayochezwa watu wamekaa, na huko manju akikosa maneno hana pa kujificha.

Nyuma ya kila kikundi alisimama mganga na dawa yake, samba, ya kuvuta umati na kumlegeza mpinzani. Msomaji wa mjini atacheka. Asicheke haraka: hata timu zetu za mpira zimewahi kusemwa kwa mambo hayo hayo. Samba ilikuwa pia njia ya kumbana mchezaji awe na nidhamu, maana dawa ilikuja na miiko, na miiko ilikuja na mazoezi. Mchezangoma aliyevuka wote kwa jina ni Ng'wanamalundi, aliyefariki mwaka 1936. Simulizi zinamtaja kama mganga na kiongozi wa ngoma ambaye watu waliacha mashamba kumfuata, aliyekausha mti kwa kuunyooshea kidole, na ambaye Wajerumani walimfunga kwa hofu ya nguvu zake. Habari ya mti kila mtu aichukue atakavyo. Habari ya serikali kumwogopa mchezangoma inaaminika bila shida yoyote.

Reli iliua upagazi. Ilifika Tabora mwaka 1912, Kigoma 1914, na tawi la Mwanza likakamilika mwaka 1928, karibu sawasawa na ile njia ya zamani ya kaskazini. Wajukuu wa wapagazi wakawa wakulima wa pamba. Vyama vya ngoma havikufa pamoja na misafara, vikageuka kuwa vikundi vya kulimiana, na nyimbo zikaanza kutaja bei, mizani na ushirika. Miaka ya 1950 Usukuma ilichemka. TANU ilizuiwa kufanya kazi huko tangu 1954 hadi 1958, huku shirikisho la vyama vya ushirika vya Victoria, chini ya Paul Bomani, likiinunua pamba ya wakulima wenyewe. Pale ambapo mkutano ulikatazwa, ngoma ilipita.

Makanisa, kwa jumla, yalizitazama ngoma hizi kwa jicho la pembeni. Samba, nyoka, mikesha: mkatekumeni aliyeonekana uwanjani aliweza kuulizwa maswali Jumapili. Wataalamu wa serikali nao walikuja na daftari. Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyekuwa mwanasosholojia wa serikali ya Tanganyika, alichapisha mwaka 1946 makala juu ya Bayeye, kisha vitabu juu ya utemi na sheria za Kisukuma. Kazi yake ina thamani hadi leo. Lakini iliandikwa kwa ajili ya watawala, na ikakaa kwenye maktaba za mbali.

Hapo ndipo anapoingia Padre David Clement. Alikuwa Mkanada, wa shirika lile lile la Mapadre Weupe ambalo wenzake wa kwanza walipanda kutoka Tabora mwaka 1878, na ambalo lilikuwa limeshajenga Bukumbi, misheni yao ya kwanza Usukuma, mwaka 1883. Wasukuma walimpa jina la Fumbuka. Miaka ya 1950 yuko Bujora, na anafanya jambo ambalo wenzake wengi hawakulifanya: anawakalisha wazee kama walimu. Kamati ya utafiti iliundwa, ya Wasukuma wenyewe, kukusanya nyimbo, methali, desturi, na majina ya vitu. Nyimbo za ibada zikatungwa kwa mahadhi ya Kisukuma na kupigiwa ngoma. Tukumbuke tarehe. Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliruhusu rasmi muziki wa kienyeji katika liturujia kwa hati ya Desemba 1963. Bujora ilikuwa imetangulia.

Kanisa la Bujora ni la mviringo, kwa mfano wa msonge. Ndani yake Kristo ametukuzwa kwa alama za utemi. Mtu wa nje anaweza kuona ni mapambo tu, lakini mzee wa Kisukuma aliyelelewa chini ya mtemi alielewa mara moja kinachosemwa: huyu ndiye anayekalia kiti. Palikuwa na hatari upande wa pili pia. Padre anayechukua alama za mtemi na kuzipa maana mpya anaweza kuwa anazihifadhi na kuzinyang'anya kwa tendo moja. Nadhani yote mawili yalitokea. Ila kati ya kuzinyang'anya kwa kuzichoma, kama ilivyofanyika kwingi, na kuzinyang'anya kwa kuzitundika mahali pa heshima ambapo mwenyewe anaweza kuja kuziona na kubisha, mimi naichagua ya pili.

Halafu ukaja mwaka 1963. Serikali ya Tanganyika huru ilifuta utawala wa machifu. Huku kwetu Chifu Abdallah Fundikira wa Unyanyembe, aliyekuwa waziri katika serikali ya kwanza ya uhuru, alijikuta ni chifu wa utemi uliofutwa. Sababu za kisiasa zilikuwepo, na sitazirudia. Lakini hakuna aliyejiuliza ngoma za kitemi zitakaa wapi. Ngoma ile haikuwa ala ya burudani. Ilipigwa mtemi akisimikwa, akifa, vita vikitangazwa, mvua ikiombwa. Ilikuwa na mlinzi, na ilikuwa na nyumba. Utemi ukifutwa, mlinzi anakuwa mkulima kama wengine, na nyumba inavuja. Kwingi vitu hivyo vilioza, vilifichwa, au viliuzwa kwa wapita njia.

Usukuma ilikuwa na Bujora. Makumbusho yalifunguliwa mwaka 1968, na humo vifaa vya watemi mbalimbali vikapata paa. Banda la watemi limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi, na ndani yake ngoma na viti vimewekwa kwa kufuata himaya zilikotoka. Kuna banda la vyama vya ngoma, ambamo Bagika na Bagalu wamewekwa pamoja, kitu ambacho uwanjani hakiwezekani. Kuna boma la familia lenye ghala, jiko na mawe ya kusagia. Mtoto wa Mwanza ambaye bibi yake alikufa kabla hajazaliwa anaweza kuingia na kuuliza hiki ni cha nini, na akajibiwa na mtu aliyekitumia au aliyemwona babake akikitumia. Hiyo ndiyo nguvu ya makumbusho yaliyojengwa pale pale vitu vilipokuwa vinatumika.

Linganisha na kiti mashuhuri kuliko vyote vya Kinyamwezi, kile kirefu cha enzi cha Buruku, chenye sura ya mtu iliyochongwa mgongoni pake. Kiko Berlin. Kilichukuliwa wakati wa utawala wa Wajerumani, mwishoni mwa karne ya 19, wakati ambapo Mtemi Isike wa Unyanyembe alikuwa ameshapambana nao ndani ya ngome yake hadi kufa, Januari 1893. Vitabu vya sanaa ya Afrika, kuanzia New York hadi Paris, vina picha yake. Mnyamwezi wa kawaida wa Uyui, Sikonge au Nzega hajawahi kukiona hata kwa picha. Njia iliyopeleka pembe baharini ndiyo iliyopeleka na kiti.

Miaka ile ile ya 1960 mataifa mapya yalikuwa na hamu ya kuonyesha ngoma zao. Ufilipino ilitangulia: kikundi cha Bayanihan, kilichoanzishwa mwaka 1957 katika chuo kikuu cha wanawake cha Manila, kilizipeleka ngoma za visiwani Brussels mwaka uliofuata na kuwashangaza watu. Guinea ilikuwa na Ballets Africains wa Fodéba Keïta. Tanzania nayo, baada ya Mwalimu Nyerere kuhutubia Bunge Desemba 1962 na kuwasuta wasomi waliojua rumba na chacha lakini hawakuzijua ngoma za kwao, iliunda kikundi cha taifa cha ngoma, ambacho baadaye kiliacha nafasi kwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981. Bagamoyo imetoa wasanii wa kweli, na bila hiyo Bugobogobo isingefahamika Lindi wala Pemba. Ila jukwaa lina sheria zake. Ngoma ya siku nzima inakatwa iwe ya dakika saba. Mtazamaji anakaa kitini, ametazama mbele, hawezi kuhama. Na mpinzani hayupo! Bagalu wanacheza peke yao, wanapigiwa makofi, wanatoka. Kwa ngoma iliyozaliwa katika ubishi, hiyo ni kama ndondi ya mtu mmoja.

Bujora ilichagua vumbi. Padre Clement aliifunga sherehe ya ngoma na sikukuu ya Ekaristi, inayoangukia Juni au karibu yake, majira ambayo Wasukuma wamevuna na wana nafasi. Sherehe hiyo inaitwa Bulabo. Asubuhi kuna maandamano ya ibada, kisha uwanja unaachiwa wenyewe. Bagika wanajipanga huku, Bagalu kule, watu wanahama na kurudi, na kanuni ya Ngika na Gumha inafanya kazi mbele ya kanisa ambalo zamani lingeipiga marufuku. Vikundi vinatoka vijiji vya mbali. Nyoka wapo. Fisi wamewahi kuonekana. Samba? Muulize mchezangoma mwenyewe, atakujibu kwa kicheko.

Hili ndilo lililoiokoa taasisi hii, kwa maoni yangu. Makumbusho mengi ya Afrika yalijengwa kwa fedha nzuri yakafa kwa kukosa sababu ya watu kurudi. Mtu akishaona kiti mara moja, amekiona. Ushindani hauishi, kwa kuwa aliyeshindwa mwaka huu ana deni, na Bagika walioachwa na umati watarudi mwakani na kitu kipya. Vitu vya ndani ya banda vinapata maana kutoka kwa kelele za nje, na mpiga ngoma anayetaka kujua ngoma ya babu yake ilichongwaje anaingia ndani kuitazama, anatoka, anachonga yake. Wageni wanaokuja kujifunza kupiga ngoma wanaleta fedha kidogo, na hilo si baya. Lakini kama wangekuwa wao peke yao, uwanja ungekuwa umeota majani zamani.

Matatizo yapo, na taasisi inayoheshimiwa haihitaji kufichiwa. Kushikamana na kanisa moja kumewafanya baadhi ya watu waione Bujora kama mali ya Wakatoliki, ilhali Ngika na Gumha hawakubatizwa. Vitu vya mti na ngozi vinaliwa na wadudu, na kuvitunza kunahitaji wataalamu na fedha za kudumu. Wazee waliojua jina la kila kifaa wanapungua, na kifaa kisicho na jina ni kuni. Siasa nazo zimegundua uwanja: Septemba 2021 Kisesa ilipokea umati mkubwa Rais Samia Suluhu Hassan aliposimikwa na machifu na kupewa jina la Hangaya. Ilikuwa heshima, na iliwarudisha machifu magazetini baada ya karibu miaka 60. Viongozi wakija, waje. Wakiondoka, wadudu bado wapo kwenye mbao.

Sasa nirudi nyumbani. Tabora tunayo Kwihara, kilomita chache kutoka mjini, na tembe lake zuri lenye mlango wa nakshi. Livingstone alikaa hapo mwaka 1872 akisubiri wapagazi, kutoka Februari hadi Agosti, na mwaka uliofuata mwili wake ulipitishwa Unyanyembe mabegani mwa watu ukielekea pwani. Makumbusho hayo yanastahili kutunzwa. Lakini ukitoka humo unajua mengi juu ya mgeni aliyesubiri wapagazi, na machache juu ya wapagazi aliowasubiri: waliimba nini, walivaa nini, ngoma yao ilikuwa ya ngozi gani. Tangu mwaka 2006 njia ya kati ya misafara imo katika orodha ya awali ya Tanzania ya urithi wa dunia, na Kwihara ni mojawapo ya vituo vyake. Orodha haijengi banda.

Bado kuna familia za kitemi Itetemia, Urambo, Bukene na kwingineko zenye ngoma juu ya dari. Bado kuna mafundi wa nyoka, kuna wapiga manyanga, na kuna wazee wanaojua nani ni Mgika na nani ni Mgalu hata mjini Tabora. Wapo vijana ambao Juni wanapanda basi kwenda kuona Bulabo na kurudi wakilalamika kwamba upande wao ulionewa. Halmashauri zetu, parokia zetu, misikiti yetu na shule zetu za Tabora, ambazo zimetoa viongozi wa nchi hii, zina uwezo wa kukaa na wazee hao kama ilivyokaa kamati ya Bujora miaka ya 1950. Kazi ya kwanza haihitaji jengo. Inahitaji daftari, kinasa sauti na mtu mwenye subira. Uwanja wa ngoma tunao kila kijiji, na mavuno yanaingia kila mwaka.

Kwa familia zenye ngoma hizo: msiziuze. Atakuja mtu na gari zuri, atasema ni kipande cha mti tu. Mwambieni aulize Berlin kile kiti cha Buruku kinathaminiwa vipi.